Mkubwa wa Mchoro

Swali lake lilikuwa moja, na aliliuliza kabla hata hujamsalimia. Alisimama nyuma yako, penseli sikioni, akainama mpaka ukasikia anavyopumua, kisha akagonga skrini kwa ukucha.

"Mkubwa ni nani hapa?"

Mwanzoni hatukumwelewa. Mwenzetu mmoja wa mtaa wa Bulla Pesa, aliyependa kuchekesha watu, alimjibu, "Si ni wewe, Mwalimu?" Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akafuta nusu ya mchoro wa yule kijana na kumwambia aanze tena.

Alikuwa mwalimu wetu wa michoro ya kompyuta katika chuo cha ufundi hapa Isiolo. Baadaye nikamjua kama mzee anayepita mbele ya karakana yangu akienda sokoni. Jina lake sitaliandika, kwa sababu yeye mwenyewe hakulipenda. Hata kwenye michoro yake, pale chini ambapo watu huweka jina na sahihi, aliandika "Mwalimu" basi.

Tulianza na mlango. Mlango wa chuma wa Isiolo unajulikana: fremu, shiti, komeo, na ua la chuma katikati ili jirani ajue una uwezo. Ulichora wako ukaona umependeza. Kisha Mwalimu akaja, akabadilisha upana tu, akarudi nyuma na kukunja mikono. Mlango ukapanuka. Ua likabaki pale pale lilipokuwa, limejibanza upande mmoja kama mgeni aliyenyimwa kiti. Komeo likaning'inia hewani.

"Umeweka namba kavu," alisema.

Namba kavu ilikuwa ile uliyoiandika hivi hivi, haijafungwa kwa kitu. Umesema ua liko sentimita arobaini kutoka pembeni kwa sababu siku hiyo arobaini ilionekana sawa. Yeye alitaka useme ua liko nusu ya upana, upana wowote ule, na kwamba jani lake ni robo ya ua, na shina ni nusu ya jani. Kila kipimo kimtazame mwenzake, na mwenzake amtazame mwingine, mpaka ufike kwa mmoja ambaye hamtazami mtu. Huyo ndiye mkubwa. Ukimbadilisha yeye, wote wanafuata kwa uwiano, na mchoro unabaki ule ule, mdogo au mkubwa.

"Mtoto akikua, mkono unakua na yeye," alipenda kusema. "Mkono hauambiwi."

Alikuwa mtu aliyechoka. Sijui namna nyingine ya kulisema. Ulipomwambia, "Habari, Mwalimu?" alijibu, "Nimechoka, lakini niko," kwa sauti ile ile aliyotumia kuita majina. Chumba cha walimu kilikuwa na makochi mazuri, lakini yeye alilala akiwa ameketi wima kwenye kiti cha mbao, mkono umeshika kikombe, na chai haikumwagika. Umeme ukipotea katikati ya somo, na ulipotea mara nyingi, sisi tulishangilia. Yeye alifumba macho hapo hapo alipokuwa amesimama. Ukirudi aliendelea na neno alilokuwa ameliacha.

Alitufukuza tulipochelewa, na alichelewa kuliko sisi wote. Tulimngoja mlangoni, tunaona anakuja mbio, shati limelowa kifuani, sabuni bado iko nyuma ya sikio. Hakuomba msamaha hata siku moja. Aliingia, akafunga mlango, na aliyekuja nyuma yake alibaki nje. Tulimwona dhalimu, na tulikuwa na haki ya kumwona hivyo, mpaka tulipojua kwamba kila asubuhi alimwogesha binti yake kwanza.

Halafu kulikuwa na suala la nakala. Hakuna kitu alichokichukia kama nakala. Yule kijana wa Bulla Pesa alikuwa na mafaili yanaitwa "mlango", "mlango mpya", "mlango mpya kabisa", "mlango wa mwisho" na "mlango wa mwisho kweli". Mwalimu aliyatazama kwa muda mrefu, akafuta yote akabakiza moja, na halikuwa lile sahihi.

"Mwalimu, hiyo si yenyewe!"

"Basi ifanye iwe yenyewe. Ukiwa na mbili, utaacha kutunza moja."

Yeye mwenyewe alikuwa na flashi moja, ameifunga kwa kamba ya kiatu na kuivaa shingoni chini ya shati. Kila kitu chake kilikuwa humo. Tulimwambia flashi huharibika. Alituambia watu pia huharibika, na hatuwawekei nakala.

Kuna siku sheria yake ilimgeukia. Wanafunzi wawili waliotutangulia walipata kazi ya kutengeneza krashi ya ngamia kwa mfugaji mmoja wa Leparua. Krashi ni ile njia nyembamba ya mabomba ambamo mnyama anabanwa ili achanjwe. Wale vijana walikuwa na krashi ya ng'ombe waliyoichora darasani, imefungwa vizuri, haina namba kavu hata moja. Wakaandika kimo cha ngamia mahali pa kimo cha ng'ombe. Mchoro ukainuka wote kwa uwiano, kama walivyofundishwa. Wakachomelea, wakapeleka, wakarudi wanaimba.

Baada ya siku chache mwenye ngamia alisimama mlangoni kwetu, vumbi la pikipiki hadi kwenye nyusi.

"Salaam aleikum. Mwalimu ya hii kompyuta ni nani?"

"Ni mimi."

"Watoto yako wametengenezea ngamia yangu dirisha."

Nafasi kati ya bomba na bomba nayo ilikuwa imefuata kimo. "Daktari anakuja na sindano," yule mzee alieleza, huku akituonyesha kwa shingo yake mwenyewe, "ngamia anatoa kichwa nje, anaangalia yeye hivi. Ile ndogo ilipita katikati ikaenda nyumbani."

Tulicheka mpaka tukalala juu ya meza. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ngamia mdogo ameumia, akaambiwa hapana. Jumamosi alipanda pikipiki na mashine ya kuchomelea, akaenda Leparua kuongeza mabomba yaliyokosekana. Hakuwaita wale vijana. Jumatatu alikuja na nusu ya pili ya sheria, na nadhani ndiyo siku pekee alipofika mapema.

"Nilidhani hii mnaijua," alisema. "Kuna vitu vinakua na mnyama, na kuna vitu vinabaki vile viko. Bomba la dukani halimjui ngamia wako. Bolti haimjui. Kichwa cha mtoto wake hakingoji akue. Kabla hujafunga kitu kwa mkubwa, uliza kama hicho kitu kinakua."

Binti yake tulimjua wote. Hakutembea tangu utotoni, na shule yake ilipofungwa Mwalimu alikuja naye chuoni, akamweka mlangoni penye upepo. Alikuwa mcheshi kuliko baba yake mara mia. Hakuweza kuona skrini zetu kutoka pale, lakini darasa lilipokuwa kimya kwa namna fulani, baba akiwa amesimama nyuma ya mtu, alipaza sauti: "Kavu hiyo!" Na kwa kawaida alikuwa amepata. Ndiye mtu wa pekee niliyewahi kuona akimfanya Mwalimu afiche uso ili tusimwone akicheka.

Kiti alichokalia kilitoka kwenye ile flashi. Kila Januari Mwalimu alimpima kwa tepu ya fundi cherehani, kutoka kitini hadi utosini, akaandika kipimo hicho kimoja. Kiti kizima kikakua: mgongo, kikalio, pa kuwekea miguu, hata ua dogo alilolikata kwenye bati la nyuma kwa sababu binti alidai kiti chake kiwe na ua kama mlango wa watu. Magurudumu mapana ya kupita mchangani yalibaki vile vile. Vishikio vya kusukumia vilibaki kwenye kimo cha baba. Sisi tulikata mabomba na kuchomelea uani, na binti alitusimamia kama mkandarasi. Tulikipenda kile kiti. Kilikuwa ushahidi kwamba mwalimu wetu mkali alikuwa anasema kweli.

Kanisani mambo yalikuwa tofauti. Mlango wa kanisa lao ulikuwa mwembamba, kiti hakikupita. Mwalimu aliupima, akachora mwingine mpana, akawapelekea wazee wa kanisa. Walimshukuru sana. Mchoro ukakaa kwenye kabati, na kila Jumapili baba na binti walikaa nje chini ya dirisha, wakiimba pamoja na walio ndani, wakichelewa kidogo kwa sababu sauti ilichukua muda kuwafikia. Binti alifariki nikiwa nimeshamaliza chuo. Mwaka uliofuata kanisa likapata mfadhili, mlango ukapanuliwa kwa mchoro ule ule. Nimepita pale Jumapili nikiwa na haraka zangu. Mwalimu bado anakaa nje chini ya dirisha. Sijui kama ni hasira au ni mazoea, na sina moyo wa kumuuliza.

Alistaafu. Akazeeka haraka, mabega yakashuka. Akipita karakana yangu nilimwita, "Mwalimu, karibu chai," naye akainua mkono. "Nimechoka, lakini niko." Akaendelea.

Mwaka huu alikuja mama mmoja mzee kutoka Korbesa, amembeba mjukuu wake mgongoni kwa leso, na mjukuu hakuwa mtoto wa kubebwa. Miguu yake ilikuwa inagusa mashavu ya miguu ya bibi. Binti huyo anaitwa Rukia. Alimwita bibi yake Akko, kama Waborana wanavyowaita bibi zao, na mimi nikamwita hivyo hivyo.

"Walisema hospitali kuna mwalimu alikuwa anatengeneza kiti ya mchanga," Akko alisema. "Yeye anataka shule. Mimi nabeba, nabeba, sasa mgongo imekataa. Nikianguka na yeye njiani, nani ataona sisi?"

Nilimwambia nitajaribu. Nilichora kiti changu, nikakumbuka kila kitu nilichofundishwa, nikakichomelea, nikakijaribu kwenye mchanga wa lugga, ule mto mkavu, na gunia la unga juu yake. Kikalala chali. Nikarekebisha, kikalala ubavu. Kile cha Mwalimu hakikuwahi kuanguka, na siri ya kusimama kwake ilikuwa ndani ya flashi. Mimi nilikuwa nimekichomelea mara nyingi bila kuelewa kwa nini kila bomba liko lilipo. Nikampigia simu. Akasema atakuja. Hakuja. Nikampigia tena, akasema ana homa. Akko na mjukuu walikuwa wamefikia kwa jamaa pale mtaa wa Kulamawe, na kila asubuhi walikuja kuketi kwenye benchi langu bila kuuliza kitu. Ilinichosha kuliko kama wangeuliza.

Mara ya tatu nilimwambia ukweli. "Mwalimu, shule zinafunguliwa. Huyu bibi atambeba arudi naye Korbesa, na huyu mtoto hatasoma."

Alikuja siku hiyo mchana. Alimsalimia Akko kwa mikono miwili, akamtazama Rukia kwa haraka, akatazama pembeni. Akaketi kwenye kompyuta yangu, akavua ile kamba ya kiatu shingoni.

Kiti kikatokea kwenye skrini, na ua lake mgongoni. Nikasema, "Wacha niandike cha Rukia." Nilikuwa nimempima. Nikaandika kipimo kile kimoja, nikabonyeza.

Kiti kikavunjika. Mkono mmoja ukapenya kikalio, mgongo ukajipinda nje ya fremu, ua likatoka kwenye bati na kubaki hewani. Skrini ikajaa alama nyekundu. Nilifungua vipimo kimoja kimoja nikidhani flashi imeharibika. Haikuwa imeharibika. Karibu kila laini ilikuwa na namba kavu. Bega la kushoto, kavu. Nyonga, kavu. Pa kuwekea shingo, kavu juu ya kavu nyingine.

"Hizo ni zangu," Mwalimu alisema.

Nilisikia uchungu, na nisidanganye, nilikasirika pia. Nilikumbuka michoro yote aliyotufutia.

"Uti wake wa mgongo ulikuwa unapinda," alisema. "Kila mwaka kidogo. Upande huu unashuka, ule haushuki. Naandika kipimo, kiti kinakua vizuri, lakini yeye hakukua hivyo. Mwili wake haukufuata mkubwa. Sasa ningefanya nini? Nyinyi mkienda nyumbani namkalisha, naona panapomuumiza, naandika."

"Na ulitwambia..."

"Niliwaambia ya milango, msichana."

Bado ananiita msichana, na nina watoto watatu.

Ili kiti kimkubali Rukia, ilibidi nitoe zile namba zote na kufunga kila laini upya kwa mkubwa. Aliliona hilo kabla yangu. Nilipeleka mshale kwenye bega la kushoto. Akashika mkono wangu, si kwa nguvu.

"Hapo ndipo bega lake lilikuwa," alisema.

Jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma. Uani kwangu kuna jua kali mchana, na kutoka dirishani nilimwona Akko ameondoa leso kichwani akamfunika mjukuu nayo. Nilitaka kumwambia Mwalimu basi, acha, nitachora mwingine, lakini ningesema uongo. Nilikuwa nimeshajaribu, na kilikuwa kimeanguka.

"Mwalimu," nikasema, "mtoto anangoja."

"Najua. Namwona." Akatoa kitambaa, akajipangusa uso wote, polepole. Kisha akasema, "Weka nakala."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Tengeneza nakala, ufanyie kazi hiyo. Ile ya zamani usiiguse." Akaachilia mkono wangu. "Ile haina kosa."

Nikaweka nakala. Tukaanza. Aliniambia lipi linakua na mtoto na lipi linabaki, kwa nini ekseli ya magurudumu imesogezwa nyuma ya mgongo, kwa nini vishikio viko mbali kuliko inavyopendeza macho. Vile vishikio alinifanya nivishushe mpaka kwenye kimo cha Akko. Kwa kila namba kavu niliyoifuta alisema neno moja au mawili. "Hiyo ni mwaka alipoumwa kifua." "Hiyo ni nyonga." "Hiyo alinilazimisha, alitaka akae kama waziri." Hapo alicheka, na nikacheka na yeye, na nikalia kidogo pia bila kuacha kazi. Tulipomaliza nikaandika tena kipimo cha Rukia. Kiti kikapungua chote kwa pamoja, kimya kimya, na ua likajipanga katikati ya bati.

"Sawa," nikasema. "Nichapishe?"

Alikuwa ameinuka, ameomba tepu. Alienda nje, akapiga goti mbele ya Rukia, na ilimchukua muda kufika chini.

"Kaa vile unakaa kila siku," alimwambia. "Usinikalie vizuri kwa sababu niko hapa."

"Nikikaa hivyo Akko anasema nimelala," Rukia alisema.

"Lala."

Akampima kushoto, akampima kulia. Akarudia kushoto. Akarudi ndani akiwa ameshika tepu pale ilipoishia kwa kidole gumba, asipoteze mahali, akanisogeza kwa kiwiko, akakaa mwenyewe. Akafungua laini ya kikalio upande wa kulia, akaandika namba. Haikuwa nusu ya kitu wala robo ya kitu. Aliiandika hivi hivi, mbele yangu, akabonyeza. Upande mmoja wa kiti ukashuka kidogo, na vingine vyote vikabaki mahali pake.

Miaka yote nimesubiri nafasi ya kumrudishia lile swali, na sikujizuia.

"Mwalimu, mkubwa ni nani hapo?"

Hakuondoa macho kwenye skrini. Aliinua mkono wenye tepu, akaelekeza nje, kwenye benchi.

"Ni huyo," alisema. Kisha akainuka tena kwenda kumpima, kwa sababu Rukia alikuwa ameona kiti kwenye skrini kupitia dirishani na hakuwa amekaa tena vile anavyokaa kila siku.